Kishikwambi Kimefika Darasani, Mwalimu Ameandaliwa?

Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, wazazi kadhaa walifika katika ofisi za parokia zetu wakiwa na fomu za maelekezo ya kujiunga na Kidato cha Kwanza. Wamezoea kukuta humo orodha ya sare, godoro, ndoo, jembe, fagio na rimu ya karatasi. Safari hii baadhi ya fomu, zikiwemo za shule zetu wenyewe za Kanisa, ziliongezwa mstari mmoja: kishikwambi, au fedha ya kukinunua. Mama mmoja anayeuza mboga sokoni, mwanajumuiya hodari, aliiweka fomu mezani akauliza: "Baba, kifaa hiki ni cha kumfundisha mwanangu, au ni cha kuonyesha kwamba shule ni ya kisasa?" Hatukuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Swali lake limekuja wakati wake. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024, nayo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inasisitiza kwamba mwanafunzi apate ujuzi na umahiri badala ya kukariri, na inaipa TEHAMA nafasi kubwa katika safari hiyo. Vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao, ambako mwalimu wa kijijini au mzazi mwenye simu janja anaweza kuvisoma bila kuvinunua. Hizi ni hatua za kweli, nasi tunazipongeza. Sisi tuliosoma seminari ndogo katika miaka ya tisini, tukipokezana watu sita kitabu kimoja cha Bayolojia mpaka kurasa zikachomoka, hatuwezi kuubeza upatikanaji wa namna hiyo. Tena ni vema tuseme mapema: hatuandiki hapa kwa hofu ya mambo mapya. Kanisa lililochapa katekisimu za kwanza kwa mashine za wamisionari halina sababu ya kuuogopa ukurasa unaong'aa.

Hata hivyo tuna jambo la kuungama. Miaka michache iliyopita marafiki wa nje ya nchi waliizawadia mojawapo ya shule zetu kompyuta zilizotumika. Tulifanya harambee ya kutengeneza chumba, tukaweka nondo madirishani, tukanunua mapazia, na siku ya uzinduzi tukakibariki chumba kile kwa maji ya baraka na nyimbo za kwaya. Baada ya hapo ufunguo ukakabidhiwa kwa mkuu wa shule, ambaye kwa nia njema kabisa aliogopa vifaa visiharibike. Mwalimu mmoja tu ndiye aliyejua kuviendesha, naye akahamishwa. Tulipokifungua tena chumba hicho, panya walikuwa wamezaliana ndani ya sanduku la printa. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyezembea kwa makusudi. Tulikuwa tumeandaa kila kitu, hata mapazia, isipokuwa mtu wa kufundishia.

Tungedhani ni uzembe wetu peke yetu kama historia isingetuonyesha mataifa yaliyopita njia hiyo hiyo kwa gharama kubwa zaidi. Jirani zetu wa Kenya, mwaka 2013, walipata serikali mpya iliyoingia madarakani na ahadi ya kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Baada ya misukosuko ya zabuni mradi ulianza mwaka 2016, kompyuta zikiwa zimegeuka kuwa vishikwambi, na vifaa zaidi ya milioni moja vilipelekwa shuleni. Katika miaka iliyofuata vyombo vya habari vya huko viliripoti mara kwa mara juu ya vifaa vilivyofungiwa kabatini, vilivyoibwa, au vilivyokosa umeme wa kuvichaji. Peru, katika Amerika ya Kusini, nayo ilisambaza kompyuta ndogo zaidi ya milioni moja. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ya ufuatiliaji wa elimu duniani, ambayo yote ilihusu teknolojia, inaeleza kwamba kwa kuwa kompyuta hizo hazikuingizwa katika mbinu za ufundishaji, kiwango cha kujifunza hakikupanda. Mwaka huo huo serikali ya Sweden, nchi tajiri isiyopungukiwa na umeme wala intaneti, iliamua kurudisha mkazo kwenye vitabu vya karatasi kwa watoto wadogo.

Wapo wanaoichukua mifano hii na kuhitimisha kwamba teknolojia darasani ni hasara tupu. Sisi hatuoni hivyo. Kinachoonekana katika mifano yote ni kifaa kutangulia na mwalimu kufuata nyuma akihema, pengine asifike kabisa. Ili tusibaki kwenye lawama, tuone kinachotokea pale mwalimu anapotangulia.

Tuchukue kipindi cha mkondo wa umeme katika Fizikia, kwenye shule isiyo na maabara kamili, na shule za namna hiyo tunazo. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder cha Marekani kina mradi uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka uliotangulia. Mradi huo hutoa bure majaribio ya kisayansi ya kwenye skrini. Mengi yametafsiriwa katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, na mwalimu akishayapakua mara moja hahitaji tena bando wala mtandao. Kwa kompyuta moja, projekta moja na ukuta uliopakwa chokaa, mwalimu anaunganisha mbele ya darasa betri na balbu mbili kwa mfululizo. Kabla ya kuwasha, anasimama. Anauliza: ni balbu ipi itang'aa zaidi, ya kwanza au ya pili? Kila mwanafunzi anaandika jibu lake daftarini pamoja na sababu. Anamweleza jirani yake. Wanabishana.

Wengi huandika kwamba balbu iliyo karibu na betri itang'aa zaidi, kwa sababu "inakula" umeme kwanza na kuiachia nyingine makombo. Kosa hilo ni la kawaida mno kwa wanaoanza kujifunza umeme, popote duniani, na lina mantiki yake: ndivyo mambo yanavyokwenda kwenye foleni ya chakula bwenini. Mwalimu hamcheki mtu. Anabofya. Balbu mbili zinazofanana zinang'aa sawasawa, na vidoa vinavyowakilisha chaji vinazunguka saketi nzima kwa mwendo mmoja bila kupungua. Darasa linanyamaza, kisha linalipuka kwa maswali. Hapo ndipo mwalimu anapotoa betri za tochi, nyaya na balbu halisi alizonunua dukani, ili wanafunzi wathibitishe kwa mikono yao kile walichokiona ukutani.

Kifaa kimefanya nini katika kipindi hicho? Kimeonyesha kisichoonekana kwa macho, na kimeruhusu kosa lirudiwe mara kumi bila kuunguza chochote. Si jambo dogo. Lakini swali lililoulizwa kabla ya kubofya, kimya kile cha kusubiri, na ile heshima ya kutomcheka aliyekosea havikutoka kwenye kompyuta. Mwalimu wa Hisabati anayetumia GeoGebra kuusogeza mchoro wa mstari mnyoofu, ili wanafunzi waone mteremko ukibadilika mbele yao, hufanya kazi hiyo hiyo. Mwalimu anayebofya kwanza kisha akaeleza, hata akiwa na vifaa hivyo hivyo, anabaki na watazamaji.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliligusa jambo hili karne nane karibu zilizopita, katika yale maswali yake juu ya ukweli, mahali anapojadili kazi ya mwalimu. Anamfananisha mwalimu na tabibu. Tabibu haponyi kwa kuchukua nafasi ya mwili. Huisaidia nguvu ya kupona ambayo Muumba ameiweka ndani ya mgonjwa. Vivyo hivyo mwalimu hamimini maarifa kichwani mwa mtu kama amiminaye maji mtungini, bali huisaidia akili ya mwanafunzi itende kazi yake yenyewe. Kwa kipimo hicho kishikwambi ni kama dawa au kifaa cha tabibu. Dawa nzuri mikononi mwa asiyempima mgonjwa haina faida, na pengine hudhuru. Tukumbuke pia njia ya Emau. Bwana Mfufuka, aliyejua yote, aliwauliza kwanza wale wanafunzi wawili walikuwa wakizungumza nini, akawaacha waseme mpaka mwisho, pamoja na makosa yao, ndipo akaanza kuwafafanulia Maandiko.

Kwa bahati mbaya, matumizi tunayoyaona mara nyingi zaidi ni ya namna nyingine. Mwalimu anaonyesha slaidi zilizojaa maandishi, wanafunzi wananakili, slaidi inabadilishwa kabla walio nyuma hawajamaliza. Zamani, mwalimu alipoandika ubaoni kwa chaki, mkono wake uliochoka ulilipa darasa nafasi ya kupumua na kufikiri. Sasa kasi ya mashine imekuwa kasi ya darasa. (Tunakiri kwamba semina fulani za mapadre nazo zimepatwa na ugonjwa huu.) Mkaguzi akipita ataandika kwamba shule inatumia TEHAMA, na atakuwa amesema kweli.

Basi mwalimu anahitaji nini? Anahitaji muda, kabla ya kitu kingine chochote. Kipindi kile cha balbu mbili, chenye dakika arobaini, kinaweza kudai maandalizi ya saa mbili kwa anayekifundisha mara ya kwanza. Mwalimu mwenye vipindi zaidi ya ishirini kwa wiki, madaftari ya wanafunzi themanini kwa kila mkondo, na zamu ya bweni mwishoni mwa juma, atazipata wapi saa hizo? Anahitaji pia wenzake. Serikali kupitia Taasisi ya Elimu imeanzisha utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambamo walimu wa shule moja hukutana katika jumuiya za ujifunzaji, wakachambua mada iliyowashinda kuifundisha na kupeana mbinu. Mkatoliki akisikia neno "jumuiya" anajua mara moja linavyofanya kazi: watu wachache wanaofahamiana, mahali pa karibu, kwa ukawaida. Utaratibu huu ungefaa kuchukuliwa kwa uzito katika kila shule ya Kanisa. Semina ya siku mbili hotelini, yenye cheti na chakula kizuri, haiwezi kuwa mbadala wake.

Limekuja na jambo jipya zaidi ambalo wazazi wanatuuliza kwa wasiwasi, nalo ni akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Mwalimu mmoja wa Historia alitusimulia kwamba aliwapa wanafunzi wake kazi ya likizo, insha juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Zilirudi insha zenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha kwake, nyingi zikianza kwa sentensi zinazofanana kama mapacha. Hakuna hata moja iliyotaja jina la kijiji wala kumbukumbu ya mzee yeyote. Hata kuuawa kwa Askofu Cassian Spiss na wenzake, Agosti 1905, jambo linalotuhusu Wakatoliki kwa karibu, hakukutajwa. Mwalimu yule hakupiga fimbo, wala hakutoa tangazo la kupiga marufuku, ambalo angeshindwa kulisimamia likizoni. Aliibadilisha kazi. Sasa kila mwanafunzi humhoji kwanza mzee mmoja juu ya yale aliyosimuliwa na waliomtangulia, na rasimu ya kwanza huandikwa darasani kwa kalamu. Kisha, chini ya uangalizi wake, darasa zima huiuliza programu ya akili mnemba swali lile lile na kusahihisha jibu lake kwa kalamu nyekundu, wakililinganisha na kitabu cha kiada na maneno ya wazee. Anasema hajawahi kuona wanafunzi wakisoma kitabu cha kiada kwa ari namna hiyo, kwa kuwa wanatafuta makosa ya mashine.

Mama Kanisa amekwisha kutuonyesha mwelekeo. Hati iitwayo Antiqua et nova, iliyotolewa na Mabaraza ya Kipapa ya Mafundisho Tanzu ya Imani na ya Utamaduni na Elimu, ina tarehe 28 Januari 2025, siku ya kumbukumbu ya yuleyule Thoma wa Akwino. Inafundisha kwamba uwepo wa mwalimu kama mtu, na uhusiano wake na mwanafunzi, ni kitu ambacho mashine haiwezi kukitoa. Inaonya pia kwamba programu inayotoa majibu tayari yaweza kumzoesha kijana kutofikiri. Baba Mtakatifu Leo XIV, alipozungumza na Makardinali tarehe 10 Mei 2025, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa, alieleza kwamba mojawapo ya sababu za kulichukua jina hilo ni kumkumbuka Leo XIII na waraka wake wa 1891 juu ya haki za wafanyakazi, kwa kuwa leo ulimwengu uko mbele ya mapinduzi mengine yanayoletwa na akili mnemba. Oktoba mwaka huo alitoa barua ya kitume kuadhimisha miaka 60 ya Tamko la Mtaguso juu ya malezi ya Kikristo, Gravissimum educationis. Humo anakazia kwamba teknolojia imtumikie mwanadamu na isichukue nafasi yake.

Tamko hilo la 1965 linatukumbusha jambo jingine ambalo tungependa kulikalia kidogo, kwa maana ndilo lililomleta yule mama ofisini. Mtaguso uliwataka wachungaji na waamini wahakikishe kwamba shule za Kanisa zinawajali kwanza maskini wa mali, wasio na msaada wa familia, na walio mbali na imani. Shule inapoandika "kishikwambi" kwenye fomu, inachora mstari kati ya watoto. Mwenye kifaa kizuri atakaa mbele. Mwenye kifaa cha bei ndogo kinachozimika kila mara ataazima. Asiyenacho ataambiwa aangalie cha mwenzake, na kufikia Pasaka atakuwa ameacha kuangalia. Tumewahi kuona jambo hilo hilo kwa vitabu na kwa masomo ya ziada ya kulipia. Tena, kama tulivyoona katika kipindi cha umeme, somo zuri halikuhitaji vishikwambi arobaini. Lilihitaji kompyuta moja, projekta moja, na betri za tochi.

Kuna na suala la taarifa za watoto, ambalo wengi hawalifikirii. Human Rights Watch, mwaka 2022, ilichunguza programu na tovuti za kufundishia zaidi ya 160 zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa UVIKO-19, ikakuta karibu tisa katika kila kumi zilihatarisha au kuingilia faragha ya watoto. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mkuu wa shule anayesajili wanafunzi mia tatu kwenye programu fulani kwa majina kamili, picha na tarehe za kuzaliwa, kwa sababu tu ni ya bure, ajue kwamba amebeba dhamana ya kisheria na ya kimaadili.

Kwa hiyo, kwa kamati za elimu za parokia na bodi za shule zinazokaa sasa kupanga bajeti, haya ndiyo maoni yetu, na tuko tayari kusahihishwa. Fedha ya kwanza iende kwa walimu. Wapunguziwe vipindi viwili au vitatu kwa wiki ili wakutane na kuandaa, na mwalimu mmoja mwenye moyo huo apewe jukumu la kuwasaidia wenzake na alipwe posho kwa kazi hiyo. Umeme wa uhakika na projekta mbili tatu vifuate. Programu kama Kolibri, inayohifadhi masomo mengi katika kompyuta moja na kuyagawa kwa vifaa vya karibu pasipo intaneti, inafaa sana kwa shule zetu za pembezoni. Kama kuna vishikwambi vya kununua, viwe mali ya shule, vikae maktaba, viazimwe kwa daftari kama vitabu vinavyoazimwa, na ufunguo wa kabati usikae kwa mtu mmoja. Kabla ya kununua chochote, bodi imwalike mwalimu mmoja afundishe kipindi kizima mbele yao kwa kifaa hicho, na wajumbe wakae madawatini kama wanafunzi. Bodi iliyokaa dakika arobaini kwenye dawati itauliza maswali ambayo muuzaji hakuyatarajia.

Wazazi nao wana haki ya kuuliza. Katika mkutano wa wazazi, badala ya kuishia kwenye ada na ufaulu wa mtihani wa Taifa, waulize kifaa kilichonunuliwa mwaka jana kimetumika katika masomo gani, na nani aliyekitumia.

Kuhusu yule mama, shule imempa muda mpaka mwisho wa Machi kulipa. Tumeiandikia bodi ya shule, na nakala tumeipeleka Idara ya Elimu ya Jimbo, tukiomba mstari ule uondolewe katika fomu za mwaka ujao, na waliokwisha kulipa wapunguziwe ada ya muhula wa pili. Bodi inakutana baada ya Jumapili ya Matawi.